Mdomo wa Baba Uko kwa Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza leo, na leo hiihii kompyuta ya Baba imezimika yenyewe. Alikuwa analalamikia chai. Alifika "Chai. Haina," kioo kikawa cheusi, nikabaki nimesimama na kikombe mkononi. Haina nini? Akaninyooshea kidole kana kwamba mimi ndiye niliyemkatiza. Ilikuwa sukari, bila shaka. Kwa Baba siku zote ni sukari. Daktari wake kaikataza, na lawama nakula mimi.

Niandike mambo kwa utaratibu, maana yakibaki kichwani yananizunguka. Baba alipata kiharusi miaka mitano iliyopita. Mkono wa kulia ulilala na maneno yakaenda nao. Akili ipo palepale. Alikuwa mkaguzi wa mizani, alizunguka madukani maisha yake yote kukamata wauzaji wanaoegemeza kidole kwenye sahani ya mizani, na hata leo huwezi kumpunja kitu. Lakini kusema hawezi, na herufi zimemtoka, hata jina lake haliandiki. Anaongea kwa kompyuta. Ni Korongo, zile zenye alama ya ndege wa miguu mirefu kwenye mfuniko, na ndani yake mna programu inayoitwa Kauli. Kioo kimejaa visanduku, kila kisanduku na neno lake. Baba anagusa, kompyuta inasema.

Inasema kwa sauti ya mwanamume mwenye mafua aliyelazimishwa kusoma tangazo. Siku za mwanzo tulicheka mpaka tukashika mbavu. Sasa hiyo ndiyo sauti ya Baba. Ile ya zamani siikumbuki vizuri.

Baba na Korongo ni chanda na pete. Ofisini alikuwa na Korongo, alistaafu na Korongo. Muuzaji akimwonyesha ya kampuni nyingine alikuwa anauliza, "Hii inafanya kazi, au inapendeza tu?"

Jumatano, 5 Machi

Imezimika asubuhi, imezimika jioni. Nimenunua chaja mpya. Si chaja.

Jumapili, 9 Machi

Kaka amekuja. Kaka yangu anauza bima, na muuza bima haingii nyumba ya mtu bila kuona kitu kitakachoungua. Hakuwa hata amekaa, kompyuta ikazimika mbele yake. Akapata pa kuanzia.

"Mdogo wangu, hii mashine imekula chumvi nyingi. Tumnunulie Baba Zumaridi. Nalipa mimi."

"Baba ni mtu wa Korongo."

"Kwa sababu hajawahi kushika nyingine."

"Na wewe si Baba aliyekununulia Korongo ya chuo? Uliiacha lini?"

"Nilipoanza kulipa mwenyewe."

Tukaendelea hivyo, yeye na betri yake inayokaa siku nzima, mimi na kibodi isiyokwisha herufi, mpaka tukasahau tulikuwa chumba gani. Baba alikuwa ameiwasha tena.

"Kelele," ikasema kompyuta.

Tukanyamaza kama watoto. Kidole cha Baba kikatembea taratibu juu ya kioo. "Mimi. Hapa."

"Haya, mzee wangu, sema mwenyewe," Kaka akasema. "Korongo au Zumaridi?"

Neno Zumaridi halimo kwenye visanduku vya Baba. Kaka hakuliwaza hilo, na mimi sikumkumbusha. Baba alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akagusa, "Hii. Bado. Mzima." Kaka akacheka, mimi nikajiona nimeshinda.

Jumatano, 12 Machi

Haiwaki kabisa.

Nimeifunga kwenye taulo, juu yake nailoni, nikaikumbatia ndani ya koti la mvua mpaka kwa fundi. Watu njiani walinipisha wakidhani nina mtoto mchanga. Fundi yuko chini ya ngazi za jengo la ghorofa, kabanwa kati ya mtoa fotokopi na muuza viatu. Ana kucha moja ndefu ya dole gumba, anaitumia kubandulia mifuniko.

"Hii ni Korongo yenyewe, dada," akasema akiigeuza. "Siku hizi wanatengeneza mapambo."

"Itapona?"

"Niachie."

"Fundi, baba yangu anaongea kwa hiyo. Siyo ya sinema."

Akaacha kuigeuza, akaiweka mezani polepole. "Basi niachie," akasema tena, lakini kwa namna nyingine.

Nimerudi mikono mitupu. Baba alitazama mikono kwanza, uso baadaye. Nikamwambia, "Mdomo wako uko kwa fundi, Baba." Nilitaka acheke. Hakucheka.

Alhamisi, 13 Machi

Nyumba kimya. Mvua tu kwenye mabati.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi kaiwasha mara moja, ikazima. Anasubiri kifaa kutoka mbali, na barabara imekatika kwa maji. Nyumbani tumeafikiana na Baba: akigonga meza mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Jirani, yule mama wa mlango wa pili anayemletea chakula cha mchana nikiwa kazini, nimemfundisha pia. Anasema, "Tutaelewana tu, mwanangu, mimi na baba yako hatuna siri." Yeye huongea mfululizo na hahitaji kujibiwa, kwa hiyo huenda kweli wanaelewana.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimewapigia Korongo. Muziki, kisha "mteja wetu mpendwa", kisha muziki. Daktari wetu kazini alikuwa na mgonjwa kitini, nikaipata nafasi hiyo kuweka simu kati ya bega na sikio huku nikipanga mafaili. Mimi ni mpokea wageni katika kliniki ya meno. Kazi yangu ni kuwaambia watu wanaoumwa kwamba haitauma. Mwishowe akaja msichana mwenye sauti laini.

"Kauli imestaafishwa, mama. Sasa tuna Kauli Mpya. Inakuja na sauti ya kisasa."

"Na sauti ya zamani?"

"Imeondolewa. Wateja walisema haipendezi."

"Wateja gani? Mimi sijaulizwa."

Akavuta pumzi. "Mama, maneno yote ya mzee tunayo huku. Akinunua Korongo mpya ataingiza namba yake, yatashuka yote. Atakuta kila kitu kama alivyokiacha."

"Hata mahali pake? Kila neno pale lilipokuwa?"

"Kila kitu, mama."

Nilimuuliza tena, akajibu vilevile. Mahali ndipo penye jambo. Baba hasomi yale maneno. Anajua yalipo, kama mtu anavyojua swichi ya taa gizani. Alijifunza na Mama, mwaka mzima, wakiwa wamekaa pamoja kwenye ile meza, Mama akiandika, Baba akionyesha aliweke wapi. Mama ametutoka mwaka juzi. Mwaka mwingine kama ule nitautoa wapi, na nani atakaa?

Nimekata simu na hasira zangu. Miaka yote hii Baba amekuwa mwaminifu kwao, nao wamechukua sauti yake wakaitupa kwa kuwa haipendezi.

Jumapili, 23 Machi

Sina hakika mkono wangu utaandika hili sawasawa.

Kaka amekuja na Zumaridi yake ya kazini, kajawa na siri usoni kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. Akaiweka mbele ya Baba, akavuta kiti. "Baba, sikiliza." Akabonyeza.

"Habari za asubuhi, wanangu. Leo najisikia vizuri."

Alikuwa Baba. Sisemi ilifanana. Alikuwa Baba, na ile tabia yake ya kumalizia neno kwa pua, na ule mkwaruzo wa mtu aliyepiga kelele madukani miaka thelathini. Nikashika ukuta. Nilidhani nimeisahau ile sauti, kumbe ilikuwa ndani yangu muda wote.

Zumaridi wana programu hii: unaipa sauti ya mtu iliyorekodiwa, inajifunza, kisha inasema chochote utakachogusa. Kaka aliipa hotuba ya Baba siku ya harusi yake.

Baba hakusogea. Kisha mkono wa kushoto ukapanda ukaziba mdomo, na machozi yakamtoka, mengi, bila sauti.

"Umeona?" Kaka akasema. Yeye mwenyewe macho yalikuwa mekundu. "Amefurahi."

"Hiyo furaha? Mtu kaziba mdomo!"

"Kwa hiyo wewe ndiye unayejua kilio chake?"

"Mimi ndiye ninayeishi naye!"

Nilijua pale pale nimempiga pabaya. Akasugua kishikio cha kiti. "Unajua kwa nini siji mara kwa mara?" akasema. "Unadhani ni kazi. Mimi ile sauti ya mafua siiwezi. Nikiisikia nahisi Baba kashafariki na kuna mtu kakaa mahali pake. Wewe umezoea. Mimi kila nikija nazika upya."

Miaka yote nimemwona mtu wa kujionyesha, anayeingia na funguo za gari zikilia mkononi na kutoka kabla chai haijapoa. Kumbe alikuwa anakimbia.

Tukamwachia Baba ajaribu. Visanduku vya Zumaridi vina picha za rangi, na ukivigusa vinateleza vinaleta vingine. Aligusa pale ambapo kwenye Korongo pana chai. Ukaja ukurasa wa wanyama. Akagusa tena. "Twiga," akasema Baba kwa sauti yake mwenyewe, ile ya harusini. Akaurudisha mkono mapajani na hakuutoa tena.

"Atazoea," Kaka akasema.

"Ile ilimchukua mwaka. Na Mama alikuwepo."



Jumanne, 25 Machi

Kaka kanipigia kliniki.

"Nimeongea na Baba. Jirani alimshikia simu. Kagonga mara moja. Anataka Zumaridi."

"Ulimuulizaje?"

"Nilimuuliza: Baba, unataka kuongea kwa sauti yako mwenyewe, sivyo?"

"Na mimi jana nilimuuliza: Baba, unataka maneno yako yabaki pale unapoyajua, sivyo? Akagonga mara moja."

Kaka akacheka, kicheko kibaya. "Tunamuuliza na kumjibia wenyewe," akasema.

Jioni nikajaribu kutenda haki. Nikachora karatasini ndege mmoja upande huu, jiwe la kijani upande ule, nikamwambia, "Baba, gusa moja. Mimi sisemi kitu." Hata uso niligeuza. Nilipomtazama tena, alikuwa ameigeuza karatasi kifudifudi na ameweka kiganja juu yake. Labda alimaanisha zote hapana. Labda alimaanisha nimechoka, au mnanifanya mtoto. Nimekaa naye mpaka wakati wa kulala nikimtajia maana moja moja, naye hakugonga chochote.

Ijumaa, 28 Machi

Kazi. Mvua. Kifaa hakijafika.

Jumatano, 2 Aprili

Daktari wangu ni mtu mwema na ana kasoro moja: humuuliza mtu habari za nyumbani akiwa tayari kamjaza vyuma mdomoni. "Watoto hawajambo?" "Aaa." "Yule mkubwa kamaliza shule?" "Aa-aa." Miaka yote nimeliona jambo la kuchekesha, tumelitania hata kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka.

Leo alikuwa anamuuliza mzee mmoja kama nyumba yake imeingia maji. Mzee anajitahidi kujibu, jasho linamtoka. Nikajisikia nasema kutoka mlangoni, "Daktari, si umtoe mkono mdomoni kwanza?"

Chumba kizima kikanigeukia. Daktari akatoa mkono, akamwomba radhi mzee. Baadaye akaja mezani kwangu akauliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, kisha nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuita anayefuata.

Baba amepungua. Jirani anasema hata chakula anakisukuma.

Jumamosi, 5 Aprili

Kifaa kimefika na hakikusaidia. Fundi aliniketisha kwenye kigoda chake, jambo ambalo hafanyi kwa wateja, nikajua.

"Dada, nimefanya ninachojua na nisichokijua. Pale inapotunza kumbukumbu pamekufa. Siwezi kutoa hata neno moja."

"Basi ninunue ipi?"

"Mimi?" Akaitazama kucha yake. "Wanaokuja hapa kuuliza huwa wameshaamua. Wewe unaniuliza kweli, na mimi kweli sijui."

Hakutaka kupokea chochote. Nimerudi na Korongo mfu kwenye taulo.

Kaka alikuja usiku ulipoingia. Tukakaa jikoni, mlango umefungwa, tukanong'ona, ingawa Baba ana masikio mazuri kuliko sisi wawili. Nikamwambia ya msichana wa simu: kila kitu kama alivyokiacha. Nikamwambia sauti itakuwa mpya, hilo najua, lakini maneno yatakuwa pale pale na Baba ataongea siku hiyohiyo. Kaka alishika tama akasikiliza. Sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

"Nilitaka nimsikie," akasema mwishoni. "Nilitaka nimsikie mimi. Sikujiuliza yeye atasemaje." Akasimama. "Nunua Korongo. Wewe ndiye unayeishi naye."

Alilirudisha neno langu bila uchungu wowote, na ndiyo maana limeniuma. Niliingia kumwambia Baba. "Tunabaki na Korongo, Baba." Aligonga mara moja. Sasa naandika nikijiuliza kama nilimpa nafasi ya kugonga mara ya pili.

Jumatatu, 7 Aprili

Imenunuliwa. Nyembamba, nyepesi, ndege kwenye mfuniko kawa mdogo kama inzi. Muuzaji naye kasema, "Kila kitu kama alivyokiacha." Inachukua usiku kucha kushusha maneno. Baba hajala lakini amenyoa ndevu, kwa mkono wa kushoto, na kajikata.

Jumanne, 8 Aprili

Niliomba ruhusa ya asubuhi ili niwepo. Kaka naye akaja kabla ya kazi. Nikamvalisha Baba shati safi, sijui kwa nini, ndivyo nilivyojisikia. Nikafungua mfuniko, visanduku vikatokea, vyote, vimejaa. Nikaona maneno yake, chai, mizani, kelele, baridi, nikashusha pumzi.

Baba alinyoosha kidole bila kusita. Hakuangalia hata kioo, alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu kwa ule upande unaotabasamu.

"Choo!" ikasema kompyuta, kwa sauti ya kijana mchangamfu kama anayetangaza sabuni.

Nikaruka, nikamshika kwapani nimnyanyue. Akagonga meza mara mbili. Nikamketisha. Akagusa tena, polepole sasa, akiangalia. "Kiatu! Jana!" Akagusa kwingine. "Daktari! Paka! Choo!" Hatujawahi kuwa na paka. Lazima Mama alimwekea kwa utani wao. Akagusa haraka haraka, kiganja kizima, na yule kijana akawa anamwaga maneno kwa furaha, moja juu ya jingine, mpaka Kaka akanyoosha mkono akaufunga mfuniko.

Wameyapanga kwa alfabeti. Walileta kila neno, hawakupoteza hata moja, wakayapanga kwa alfabeti kwa mtu asiyekuwa na herufi.

"Tuyarudishe," Kaka akasema. "Tukae tuyarudishe mahali pake. Chai ilikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo. Chai ilikuwa... Nikaona kidole cha Baba kinakwenda, lakini kinakwenda wapi? Juu? Katikati? Nikamtazama Kaka, Kaka akanitazama. Miaka mitano tumemsikiliza huyu mtu, asubuhi na jioni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutazama kidole chake. Tulisikiliza tu sauti inayotoka. Aliyekuwa anajua ni Mama.

Baba alikuwa anatungoja. Hakuwa na hasira hata kidogo, na afadhali angekuwa nayo. Alikuwa anatungoja kwa imani kabisa, kama tunavyomngoja daktari arudi na majibu. Ilichukua muda mpaka akaelewa kwamba hatujui. Niliona anavyoelewa.

Jumatano, 9 Aprili

Hagusi kompyuta. Hagongi meza.

Jumatatu, 14 Aprili

Muuzaji anasema imeshafunguliwa, hairudi. Nilipiga simu kwa Korongo, muziki, nikakata kabla hawajaniita mpendwa. Kaka amejitolea kuleta Zumaridi tena. "Angalau awe na sauti yake," kasema. Tumeiweka mbele ya Baba jioni. Alifunga mfuniko taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekataa chakula cha mwenyeji. Korongo na Zumaridi kwake sasa ni mamoja. Nimegombana na Kaka mwezi mzima kwa ajili ya alama ya kwenye mfuniko.

Jambo moja: Kaka hakusema "nilikwambia". Nimemngoja aseme wiki nzima. Hajasema, na hajaondoka mapema hata siku moja.

Jumamosi, 19 Aprili

Fundi kaja mwenyewe nyumbani, na mvua ile. Kasema amekuwa akiniwaza. Akamwamkia Baba, akaketi chini kwenye mkeka, akaitazama Kauli Mpya kwa muda mrefu.

"Kwa nini mnarudisha?" akasema. "Kioo kimeshajaa, mzee hawezi kuwaonyesha neno lilikuwa wapi wakati pamekaliwa na jingine. Futeni yote. Mpeni kioo kitupu, mtaje neno, yeye aseme likae wapi."

"Tufute yote?" Nilihisi ananiambia nitie moto nyumba.

"Yashakufa, dada. Hayo mnayoyaona ni majina tu."

Kaka ndiye aliyefuta, mimi niligeuza uso. Kisha nikapiga magoti mbele ya Baba, nikasema, "Chai." Hakuna kitu. "Baba. Chai. Ilikuwa wapi?" Mkono ukakaa mapajani muda mrefu sana. Kisha ukapanda, kidole kikashuka upande wa kushoto, karibu na ukingo, bila kutafuta. Nikaandika. Akagusa. "Chai!" akasema kijana wa sabuni.

"Haina nini, Baba?" Kaka akauliza, maana lalamiko hilo naye analijua.

Jumamosi, 26 Aprili

Chai, haina, sukari, baridi, kelele, toka, asante, mimi, wewe. Kila jioni kidogo. Mengine anayakumbuka mara moja, mengine kidole kinaelea, kinashuka, kinakosea, na hapo hufunga mfuniko na siku imekwisha. Maneno ninayoyajua ni yale aliyoniambia mimi. Kaka anataja aliyoambiwa yeye, ni machache. Mvua zinapungua.

Jumapili, 4 Mei

Kuna kisanduku kimoja, katikati kabisa, mahali pazuri kuliko pote, kidole kinapofika chenyewe. Ni kitupu. Tangu juzi Baba anakigusa, kompyuta haisemi kitu, ananitazama. Anataka niandike.

Nimetaja jina la Mama. Mara mbili: hapana. Nimetaja jina alilokuwa anamwita Mama wakiwa wawili, ambalo hajui kuwa tunalijua. Hapana. Nyumba, mizani, Mungu, msamaha, nyumbani, maumivu, kufa. Hapana, hapana. Kaka kakaa na kamusi, mwanamume mzima wa bima, anasoma neno moja moja kuanzia mwanzo, na Baba anagonga mara mbili mpaka vifundo vikawa vyekundu, tukamwomba apumzike.

Si neno alilokuwa ananiambia mimi, ningelijua. Lilikuwa la wakati nisipokuwepo.

Jumatano, 7 Mei

Nimemuuliza jirani kama mchana Baba alikuwa anasema kitu.

"Ee, alikuwa anaongea sana," akasema. "Peke yake. Neno moja hilohilo, tena na tena, mpaka nikileta chakula ndipo ananyamaza."

"Neno gani, mama?"

Akasimama na sufuria mkononi, akifikiri, na nikaona uso wake unavyobadilika. "Mwanangu," akasema, "nilikuwa nasikia kama redio tu."

Jumapili, 11 Mei

Jua limetoka. Nimeanika mablanketi. Kaka yuko ndani, kafika herufi ya P.

Asubuhi, kabla hajafika, Baba alikigusa tena kile kisanduku cha katikati. Hakubonyeza kwa hasira, aliweka tu kidole hapo, akakiacha, kana kwamba neno limo na linasemwa. Kompyuta kimya. Akanitazama. Nilikuwa nimechoka, na nilimpenda, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nikamshika mkono nikasema, "Nimesikia, Baba."

Akautoa mkono wake kwenye wangu, akagonga meza mara mbili.